Daktari wa Ng'ombe Anayestaafu na Sifa za Paka

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Dkt. Stanislaus Rwegoshora anakabidhi ofisi, gari na mabuti ya serikali. Aliajiriwa kwa ajili ya ng'ombe. Anaondoka akiwa maarufu kwa paka. Alituomba jambo hilo lisiandikwe, nasi wenzake wa ofisini, kwa heshima tuliyo nayo kwake, tumekubali kuliandika kwa kifupi.

Alitokea Bukoba akapangiwa Kibondo, kijana mwembamba aliyeamini kwamba mfugaji akielezwa vizuri ataelewa. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Mabamba, ambako mbuzi walivuka mpaka asubuhi na kurudi jioni bila kujua kwamba wametoka nje ya nchi. Aliwachanja wote, hakuuliza uraia. Baadaye akahamishiwa Kasulu, na hapo ndipo alipoanza kuhubiri josho la kuogeshea ng'ombe. Alihubiri masika, akahubiri kiangazi. Wafugaji walimsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha ugali na maharage, wakakubaliana naye kwa kila neno, na ng'ombe wakabaki nyumbani na kupe wao.

Miaka minne iliyopita, mbuzi wa Esteri Ndihokubwayo, mkulima wa Rungwe Mpya, walianza kutupa mimba mmoja baada ya mwingine. Daktari alichukua sampuli, akazituma maabara, na jibu likarudi: toksoplasma, kimelea kinachozaliana tumboni mwa paka na kutoka na kinyesi chake. Paka wa mama Esteri alikuwa amefanya gunia la pumba kuwa choo chake, na mbuzi walikuwa wakilishwa pumba hizo hizo.

Daktari akaitisha mkutano. Waliohudhuria wanakiri kwamba hajawahi kuzungumza vizuri kama siku ile. Alieleza kwamba paka huupata ugonjwa kwa kula panya na nyama mbichi. Kwamba wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Kwamba hutoa vimelea kwa wiki chache tu, hasa wakiwa wadogo. Alieleza pia kwamba mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ubongo. Akamalizia na ushauri: pumba zifunikwe, mikono na mboga vioshwe, nyama iive, na mjamzito asiguse kinyesi cha paka. Hakusema popote kwamba paka afukuzwe. Lakini watu walikuwa wameshasikia "paka" na "mimba" katika sentensi moja, na yaliyofuata wakayachukua kama salamu za kufunga mkutano.

Sasa, kule Rungwe Mpya utaratibu unajulikana, hata kama kuufuata ni suala jingine: Bwana Mifugo akitangaza ugonjwa, mnyama hupelekwa joshoni Ijumaa. Ijumaa ile watu walikuja. Walikuja kwa baiskeli na kwa miguu, wamebeba viroba vya mbolea vinavyolia. Mzee Nkunzimana, ambaye hakuwahi kuleta hata ndama, alileta paka watatu na kulalamika kwamba huduma inachelewa. Daktari alipofungua mdomo aeleze upya, wenye viroba walikuwa wameviweka chini na kushika njia. Kampeni pekee iliyoitikiwa na kata nzima katika utumishi wake ni ile ambayo hakuitangaza.

Paka wakaletwa ofisini Kasulu, wakawekwa stoo kwa muda. Mtumishi yeyote anajua "kwa muda" ni muda gani.

Kusafisha stoo ni kazi ya mhudumu wetu, Careen. Careen alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka uliotangulia, na mkutanoni yeye ndiye aliyegawa maji ya kunywa, hivyo alisikia yote. Kipimo cha kujua kama tayari ana kinga hakikupatikana huku. Akaomba aondolewe stoo. Akajibiwa na utawala kwamba waraka unatambua likizo ya uzazi, hautambui likizo ya paka, na kwamba vibarua wengine wako nje wanasubiri.

Akamfuata Daktari mezani kwake.

"Mzee, kazi naiacha," alisema. "Mimba nyingine siipotezi kwa ajili ya stoo."

Daktari akavua miwani. "Usiache kazi, mwanangu. Nionyeshe ufagio unakaa wapi."

Tangu siku hiyo, kabla ofisi haijafunguliwa, Daktari, mkuu wa kitengo, alikuwa stoo na glavu na mabuti, anakusanya kinyesi na kukifukia. Alifanya hivyo kila siku, maana kinyesi kikiondolewa siku ile ile vimelea huwa havijakomaa. Kikilala ndipo kinapokuwa hatari. Jumapili alipitia kabla ya misa. Dereva wetu Yusuph alimwita "bosi wa stoo" na kumuuliza kama cheo hicho kina gari lake. Daktari alimjibu kwamba ni mara ya kwanza kazi yake kuonekana imefanyika. Siku moja wageni kutoka mkoani walimkuta ameinama, wakamuuliza Daktari yuko wapi. Aliwaambia Daktari yuko na wagonjwa, wamsubiri barazani.

Huko Rungwe Mpya, panya waliishukuru serikali kwa kula maharage ya mbegu. Daktari akarudi kuwaomba watu wachukue paka wao. Mama Esteri alimweleza kwa upole kwamba wananchi wametimiza wajibu wao na paka sasa ni wa serikali. Kilichomshinda Daktari panya walikiweza: mavuno yalipoisha, wenye paka walikuja na viroba vile vile, kila mmoja akichagua paka mzuri kuliko aliyemleta. Kwa haki lazima tuseme kwamba pumba kule sasa zinafunikwa, na mbuzi wa mama Esteri wanazaa.

Careen alikuwa katika mwezi wa tisa. Alipokwenda kujifungua, Daktari alitoka kukagua ng'ombe katika zizi lililo jirani na hospitali. Ng'ombe hao hawakuwa wanaumwa. Aliwakagua hadi jioni.

Mtoto alizaliwa mzima. Anaitwa Ernesta, ana miaka mitatu, na macho yake huona peremende ndani ya mfuko wa koti lililofungwa vifungo. Yeye ndiye atakayemkabidhi Daktari zawadi yetu, kama haitafunguliwa njiani.

Tulimuuliza Careen angependa tuandike nini kwa niaba yake.

"Andikeni tu kwamba nilijifungua," alisema.

Tumeandika. Asante, Daktari. Ufike Bukoba salama, na kila asubuhi ikukute na chai yako, huna stoo ya kuwahi.