Chupa Iliyofunikwa kwa Kitenge

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba nisome kwenye daftari, maana nikisema kwa kichwa naongeza chumvi. Mimi ni wa darasa la saba tu, nikikosea mnivumilie.

Nilikuwa nachuma chai Masukulu nikashikwa na kichomi. Zahanati walinipa dawa, wakasema nizimalize. Homa ilipopoa nikaziacha. Sikukatazwa na mtu, ni mimi mwenyewe. Baadaye ubavu wa kulia sikuweza kuulalia, na kilima cha nyumbani nilikipanda kwa kupumzika mara nne. Hospitali ya Mbeya wakasema usaha umejaa kati ya pafu na mbavu. Wakanitoboa ubavuni, wakapitisha mpira hadi kwenye chupa yenye maji, sakafuni.

Ndugu zangu, nilichoka! Ijumaa daktari akasema usaha umekuwa mzito, mpira hauutoi, lazima afungue kifua asafishe. Niliogopa pumzi yote itatokea hapo. Nikamwambia nitafikiri. Sikumwambia mtu mwingine.

Jumamosi wakaja akina mama wa kanisa hili na uji. Kwetu hupigi magoti kumwombea mgonjwa huku uchafu wake uko wazi, unamwaibisha. Basi Mama Tumaini, kiongozi wao, akainua ile chupa, akaiweka kitandani na kuifunika kwa kitenge chake kipya. Nesi akaona.

"Mama, shusha! Maji yatarudi kifuani!"

"Mwe! Namsitiri tu, mwanangu."

"Msitiri kwa shuka, chupa ikae chini!"

Akashusha haraka, wenzake wakicheka. Nesi akakagua, akasema hakuna kilichoharibika.

Jumapili nilisali sala fupi, ndefu sikuiweza: "Bwana, nimechoka, shika wewe." Nikakubali. Jumatatu nikapasuliwa. Nilidhani nitaamka naimba. Niliamka nalia, maumivu! Lakini siku zilivyokwenda pumzi ikaingia mpaka chini kabisa. Haleluya! Kama ni maombi au ni kisu, mimi siwezi kugawa. Naona Mungu alishika vyote.

Sasa lililonileta mbele. Niliporudi nikakuta maneno: "Mama Tumaini na chupa yake ndiye aliyempeleka kwenye kisu." Nikanyamaza. Ilikuwa rahisi kuliko kusema niliacha dawa. Yeye akahamia benchi la mlangoni, na haendi tena kuwaona wagonjwa.

Ndugu zangu, daktari alisema Ijumaa. Chupa iliinuliwa Jumamosi. Nimeandika hapa, mje msome. Mama, nisamehe.

Mwenye dawa nyumbani azimalize. Mwenye hofu amwamini Bwana, hata sala fupi anaisikia.

Mama Tumaini, ndaga, asante kwa uji. Kuna dada kule Mpuguso anakohoa wiki ya tatu na hataki hospitali. Mimi kilima kile cha kwenda kwake bado kinanishinda peke yangu. Ibada ikiisha, chukua kitenge chako, twende wote.