Bilato bya Kipimo Kimoja: Neno la Bakimbiaji ba Manika kwa Mama Directrice

Mama Directrice Henriette, mugeni wetu wa heshima, mwenye kuangalia mambo ya jamii ku kompanyi yenye kutupatia mukono. Chef wa kartiye. Ba mama na ba tata benye kusimama kule nyuma juu biti bya kukaa habikutosha:

Jambo yenu bote.

Mi ni Kisimba, retraité, mwenye kumaliza kazi ya reli, sekretere wa kikundi cha bakimbiaji "Vumbi Nyuma" cha hapa Manika, Kolwezi. Benzangu balinichagua kusoma neno hii juu, kati ya siye batu kumi na saba, mi njo niko na sauti kubwa. Tena mi njo niko na kosa kubwa, na tutafika kule. Tuliambiwa tuseme dakika kumi. Mama, bilato hii bya kuvaa ku miguu tuko nabyo tangu mwezi wa tano. Dakika kumi ni kidogo, lakini tutajikaza.

KARIBU

Karibu na roho safi. Usione haya kupanguza kiti mara ya pili. Hapa vumbi ni mukaaji wa kartiye sawa siye. Malori ya shaba inapita pale mbele toka asubui mpaka jioni, na kila lori inatuachia sehemu yake. Sombe, majani ya muhogo, na samaki ya ziwa ya Nzilo iko ku moto. Mama Kabedi, mwenzetu wa mbio, mwenyewe njo anaipika, na alisema mugeni atakula hata kama atatukatalia. Alisema vile na jicho ile siye bote tunaiogopa, lakini alisema.

FASI TULITOKA

Kikundi kilianza na ugonjwa na imbwa. Tata Kalala, dereva wa lori, alikuwa na kilo mia moja na kumi na ine. Munganga akamuambia: "Tata, chagua: utembee, ao ubebwe." Kalala akachagua kutembea, pole pole, na taulo ku shingo sawa mutu mwenye kuenda kuoga. Asubui ya tatu imbwa ya jirani ikatoka ku mulango wa parcelle, na Kalala akagundua kama anayua kukimbia. Mi nilikuwa nyuma yake na baisikeli. Nikatupa velo, nikamupita. Ile imbwa njo ilikuwa entraîneur wetu wa kwanza: ilitufundisha vitesse, ni kusema mbio ya nguvu, na haikuomba kitu, isipokuwa kipande cha suruali.

Kuko batu benye kusema mi naongeza chumvi. Ni bale bale benye kukataa kama, wakati wa ujana, nilishindana na treni ya madini toka Tenke mpaka Fungurume, na nikafika mbele. Ni kweli treni ilisimama fasi moja saa tatu nzima. Mi hakuna mutu aliniambia nisimame.

Kisha akaingia Mama Kabedi, muuza samaki, juu alichoka kutuona tunapita mbele ya meza yake tunahema sawa mivukuto. Akaingia Stany, kijana wa kuchimba madini, mwenye kukimbia ku bilima fasi hata mbuzi inauliza njia. Na nyuma yabo akaingia Darlène, mutoto mwanamuke wa Mama Kabedi.

MAMBO TULIFANYA

Hatutasoma liste yote. Tuseme tu kama Kalala leo iko na kilo makumi kenda na saba, na munganga anamuomba siri.

Kazi yetu ya kweli ni moja, na jina yake ni Darlène. Iko na miaka kumi na kenda. Mwezi wa pili alikimbia kilometre 21 ku barabara ya Kapata, kwenda na kurudia, na saa moja na dakika makumi mbili na mbili. Tulipima na telefone mbili na saa ya padri, na padri hawezi kudanganya asubui ile yote. Siku ya Mungu yenye kuya, mule Lubumbashi, kuko mbio ya kilometre 21. Ba binti batatu ba kwanza, benye hawajafikisha miaka makumi mbili, bataingia ku kambi ya mazoezi mwaka muzima: chakula, masomo, na entraîneur wa kweli, mwenye hana mukia. Darlène anatimiza makumi mbili mwezi wa kumi na moja. Mama, kwake hakuna mwaka ingine.

MAGUMU

Hapa mi nakunywa mayi kwanza.

Mwezi wa tatu kompanyi yenu ilituandikia: munataka zawadi gani? Tukajibu: bilato bya kukimbia. Barua ikarudia: bipimo gani? Tukaitisha mukutano.

Mama, wewe ni mutoto wa hapa, unayua desturi yetu. Kama kuko ndoa ao feti, bote tunavaa pagne moja. Mama munene na mama mukonda, kitambaa ni kile kile, na hakuna mutu wa kusema mwenzake alipendwa kumupita. Sasa mwaka mbele ya pale tulipata ba tricot, mashati ya kukimbia, ya bipimo mbalimbali, na vita ikatoka. Mwenye kupata kadogo alisema bamemuzarau. Mwenye kupata kikubwa alisema bamemuita munene. Wiki mbili Kalala hakunisalimia. Njo mu mukutano mi nikasimama, nikasema: "Tuombe kipimo kimoja kwa bote. Kikubwa! Muguu mudogo mu kilato kikubwa, unatia kitambaa. Lakini muguu mukubwa mu kilato kidogo, utakata nini?" Batu bakapiga mikono. Ile kazi ya kufikiri tuliona imeisha. Mukono hii njo iliandika: pea kumi na saba, zote 45, zote sawa, rangi ya machungwa kusudi picha ipendeze.

Basi, kosa ni yetu, na kwanza ni yangu. Tulivalisha miguu sawa vile tunavalisha feti. Tulisahau kama pagne iko na mushonaji. Kitambaa ni kimoja, lakini mushonaji anapima kila mutu, anapunguza hapa, anaachia kule. Kilato hakina mushonaji. Kinatoka mu karton kimeisha kuamua.

Siku ya kufungua karton, Mama Kabedi alitoa kimoja, akakigeuza, akaniangalia.

"Tata Kisimba, hii ni kilato ao ni mutumbwi?"

"Mama, ni kilato cha kisasa."

"Sawa. Na kasia iko wapi?"

"Mama, usicheke," Stany akasema. "Mi mwenye nyumba alinifukuza. Nitalala ndani."

Ile siku tulicheka. Kisha tukakimbia nabyo.

Kalala ni mutu wa uzito. Kila hatua ni sawa gunia inaanguka. Anaomba soli nene yenye kupokea ule mushindo, na kisigino chenye hakiyumbi. Bilato hii soli yake ni nyembamba sawa biskuti. Magoti yake ilianza kulia sawa mulango wenye hauna mafuta. Stany anakimbia ku mawe na ku matope. Anaomba soli yenye meno, na pua ngumu juu ya bidole. Hii soli yetu ni laini sawa sahani. Pale Musonoi alishuka kilima chote na matako, na anasema ile njo ilikuwa vitesse yake ya muzuri ya mwaka. Mama Kabedi iko na muguu mupana, wa mutu mwenye kusimama soko miaka makumi mbili: urefu ni 40, lakini bidole binaomba fasi. Mu hii 45 kisigino kinaogelea, na kidole kidogo kinaminywa, juu pua yake ni nyembamba. Mama alipata kikubwa na kidogo mara moja, mu kilato kimoja. Na hata ile, ni mi njo niliomba!

Sasa Darlène. Urefu wake ni 38. Muguu wake uko chini kabisa, hauna tumbo ile ya katikati, na anapokanyaga kifundo kinalala upande wa ndani. Mutu wa vile anaomba kilato chepesi, lakini chenye kumushika upande ule ule wa ndani, sawa mukono ya rafiki. Siye tulimupa 45 na mafundo ya kitambaa, moja mbele, moja nyuma. Kisha wiki tatu goti ikavimba. Mwezi wa saba, ku barabara ile ile ya Kapata, alikimbia na saa moja na dakika makumi tatu na saba. Dakika kumi na tano! Hazikupotea ku miguu yake, zilibaki mu kitambaa. Kucha mbili zikaanguka. Mama yake alizifunga mu karatasi, akaniletea ku nyumba, akaziweka ku meza yangu, na akaenda. Mama Directrice, mi niko mutu wa masemi mingi, hata imbwa za kartiye zinayua. Ile siku nikaacha masemi, nikatwaa kilato kizee cha Darlène, nikakigeuza.

Njo nikaanza kusoma. Sikusoma bitabu, nilisoma soli. Nilikusanya bilato bizee bya kila mutu, juu kilato kizee hakidanganyi: kinaonyesha fasi mwenye nacho anakanyaga. Nikalowesha miguu ya batu kumi na saba na mayi, kila mutu akakanyaga karton. Kwa Stany kulibaki kisigino na bidole, na katikati kanjia kembamba. Kwa Darlène muguu wote ulibaki, sawa tofali. Nikajifunza kama kilato kinapimwa jioni, wakati muguu umekwisha kuvimba na kazi. Mbele ya kidole kirefu unabakisha fasi ya kidole gumba. Na unakimbia nacho kidogo mbele ya kusema ndiyo. Hii yote nilipashwa kuyua mwezi wa tatu, pale nilikuwa nasimama na kupigiwa mikono.

Kisha tukaingia mu tombola, ile soko ya bitu bizee bya Ulaya. Siku za posho tatu, mwisho wa juma, tulichakura yale mafungu, mi, Mama Kabedi na Kalala, mpaka muuzaji mumoja akatuuliza kama tulipoteza mutoto ndani. Tukapata pea moja: 38, nyepesi, ngumu upande wa ndani, soli haijalika. Darlène akavaa, akaenda Kapata, akarudia: saa moja, makumi mbili na tatu. Goti kimya. Mama Kabedi akanisalimia.

Sasa mutauliza: basi shida iko wapi? Shida ni rangi, Mama. Ni ya kijani.

Mwezi wa munane kompanyi ilituandikia hivi: mukimbiaji mwenye hatavaa bilato bya zawadi hatapanda bus ya Lubumbashi, na hatapata namba ya kifua. Leo ni siku ya ine. Bus inatoka siku ya posho, ni kusema kisha kesho. Tuliandika barua ine. Kila barua ilirudia na kashe, muhuri wa bureau: "Imepokelewa." Tuko na kashe ine za bluu, za kupendeza, mutu anaweza kuzitia mu kadre. Jibu njo hatuna. Mi nikaenda ku bureau ya kompanyi na miguu yangu. Monsieur mumoja, mupole, na kravate, akaniuliza:

"Papa, mulipewa bilato ao hamukupewa?"

"Tulipewa."

"Rangi ni ile muliomba?"

"Ni ile."

"Na kipimo?"

"Ni ile, lakini..."

"Sasa Papa unalalamikia nani?"

"Mi mwenyewe."

"Formulaire ya kujaza ya vile hatuna."

Na akaongeza, wakati ananifungulia mulango: "Zawadi haichaguliwi, Papa. Asante inaonekana ku mwili." Ni kweli. Hata siye tunafundisha batoto vile: mutu akikupa pagne, uivae akuone. Lakini Mama, hakuna mutu anavaa pagne ya feti kilometre 21.

MAOMBI

Hatuombi bilato bipya. Ndiyo, wale benye kusimama nyuma, mulisikia muzuri: neno ya kartiye yenye haiombi kitu. Andikeni tarehe.

Tunaomba Darlène apande bus na akimbie na ile pea ya kijani. Tricot ya kompanyi atavaa. Kofia atavaa. Kama munataka picha, siye kumi na sita benye kubaki tutavaa machungwa yetu na tutasimama sawa ukuta, mupige mpaka mashine ichoke.

Na kwa mwaka ingine: musitume barua ya kuuliza bipimo, mutume mutu wa kupima. Ku meza yako kuko bipande kumi na saba bya karton, na alama ya muguu na jina ya kila mutu. Namba hatukuandika. Mukono wangu haiaminiwi tena ku mambo ya namba, na ni haki.

Mungu akulinde ku barabara ya malori, alinde nyumba yako, na akupe miguu yenye kufika fasi roho yako inataka.

Mama, Darlène iko hapa, mu safu ya kwanza, ku kushoto kwako. Aliambiwa asilie. Ile pea ya machungwa iko ku miguu yake kwa heshima yako, na mafundo ya kitambaa iko ndani. Pea ya kijani iko mu mufuko wa mama yake, pale ku jiko. Monsieur wa bureau alisema ruhusa inapaswa kutoka juu, na leo juu ni wewe. Hatutaki kashe ya tano. Umuangalie tu, umuambie: "Mwanangu, vua."

Mi nabaki nasimama mpaka utasema.

Siye,
Bakimbiaji ba kikundi "Vumbi Nyuma",
Manika, Kolwezi