Sindano Penye Josho la Ng'ombe

Mgeni rasmi, Daktari Sharon wa afya ya kaunti, umewahi kuota ndoto ileile kila usiku mpaka ukaogopa kulala? Tunauliza kwa heshima, maana kwetu hapa Kiplombe ndoto husimuliwa mchana, tena kwa sauti.

KARIBU

Karibu, mama. Kiti chako tumekiweka kwa jua, kwa sababu ukungu wa hapa haumjui mgeni. Chai ni ya maziwa ya asubuhi hii.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza kwa kupukuchua mahindi. Alhamisi hii kwa Warigia, ijayo kwa Jepkosgei, mpaka magunia ya kila mtu yashonwe. Wengine tulizaliwa hapa, wengine tulikuja kutoka Nyeri tukiwa wasichana. Anayeshika hindi la kwanza husimulia alichoota, na wengine wanafuata. Punje zinaanguka polepole, ndoto moja inaingia kwa nyingine, mwisho hujui tena ni ya nani.

TULIYOFANIKIWA

Karibu sisi wote tumechanjwa korona. Mwanzoni gari la kipaza sauti lilituita penye josho la ng'ombe, kwa vile pana paa na ile njia nyembamba ya mbao. Waliopanga waliona foleni. Sisi tuliona ng'ombe: pale ndipo wanapodungwa, na waliozeeka wanapakiwa lori kwenda kuchinjwa Moi's Bridge. Hakuna mzee aliyetokea.

Ndipo muuguzi mmoja kijana akatufuata kwenye mahindi, akakaa chini, akapukuchua debe zima kabla ya kutaja chanjo. Jepkosgei alikuwa wa kwanza kufunua mkono. Usiku ule aliota anakimbia Kaptagat na wale vijana wa mbio, na asubuhi kilichomuuma kilikuwa mkono tu, si miguu.

KILICHOTUSHINDA

Amebaki mmoja, Mzee Bethwel, yule ameketi nyuma na kofia ya sufu. Kifua chake kinapiga filimbi, na baridi ya Julai inakuja. Tunaogopa kumpoteza.

Warigia alimwambia, "Mzee, hata kuku wangu walichanjwa, na hakuna aliyelalamika."

"Na wako wapi hao kuku?"

"Si tuliwala Krismasi!"

Alicheka mpaka akakohoa, halafu mkono akaurudisha ndani ya koti.

Korona ilimchukulia mkewe, Esther. Alimfikisha kwa lango la hospitali, akaambiwa asubiri nje. Alichopewa baadaye ni sanduku, na watu wa nguo nyeupe wakalizika haraka, yeye amesimama ng'ambo ya ua. Tangu siku hiyo anaota ndoto moja. Esther anatembea katikati ya mahindi yenye umande, gambuti miguuni. Bethwel anafuata. Mahindi hayatoi sauti, na kwa hilo anajua kwamba ni ndoto, lakini anaendelea kufuata mpaka jogoo anawika. Akiamka, hataki kuona nguo nyeupe wala sindano.

TUNAOMBA

Chanjo za wazee ziletwe kwa nyumba tunazopukuchulia, si joshoni. Muuguzi akae kwanza, aongee nasi, ndio afungue sanduku lake. Kipaza sauti waachiwe wauza viazi.

Mwenyezi Mungu akurudishe kwako salama, akupe mvua kwa saa yake na usingizi unaopumzisha. Ni sisi, Wapukuchuaji wa Alhamisi, Kiplombe.

Limebaki neno moja, mama. Jana tulimsomea Mzee Bethwel risala hii, aseme kama tumtoe humo. Aliendelea kupukuchua hindi lake. Tukamuuliza, "Sasa wewe, Mzee, tukuombee nini kwa daktari?" Akaliweka hindi chini. Ametukubalia tusome vile alivyosema:

"Mwambieni mkono nitautoa. Lakini anitafutie yule sista wa hospitali aliyekuwa na Esther siku ya mwisho. Nataka tu kumuuliza kama Esther aliniita."