Biskuti za Mbeyu

Hamjambo nyote, mliokaa na mliosimama? Haya, sogeeni kidogo, na yule mwenye redio aizime, betri zake hazitaoza. Anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi, maana habari hii yataka masikio matupu. Ilikuwa alasiri, mwaka wa tisini na sita, kwenye ule ubao mrefu wa maskani, pale kichochoro kinapotokea Ndia Kuu. Kahawa ilikuwa imezunguka mara moja, na sahani ya kashata za njugu iko katikati ya ubao kama kawaida, kila mtu yuamega. Walikuwako watatu, ukiniacha mimi niliyekaa pembeni. Chonga, aitwaye Daktari kwa sababu alilinda mlango wa duka la dawa miaka tisa. Dzoro, aitwaye Redio, na sababu mtaijua akifungua kinywa. Na Nicanor, aitwaye Karani, mtu wa bara, karani kweli wa stoo za reli, na msomaji wa barua za maskani nzima. Wa nne ndiyo kwanza atoka kwake kichochoroni: Ngumbao, hamali wa mkokoteni pale Marikiti. Mkono mmoja ana katoni ya biskuti iliyotoka Uingereza, mkono wa pili ana barua.

— Lete, alisema Nicanor, mkono ameshaunyosha. — Lete nikusomee kabla kahawa haijapoa.

— Leo sileti.

— Huleti?

— Naisoma mwenyewe.

Hata muuza kahawa aliacha kugonga vikombe vyake.

Miezi minane Ngumbao alikuwa akiuegesha mkokoteni na kwenda Bondeni kwa mwalimu Priscah, kwenye lile darasa la watu wazima tuliitalo gumbaru. Miaka hamsini na tisa, magoti yamegusa kidevu kwenye dawati la mtoto, yuasoma ba, be, bi. Mpaka hapo barua zote za bintiye Winnie, anayetunza wazee huko Uingereza, zilipita kwa Nicanor, na maskani nzima ilizisikia, hata ile ambayo Winnie aliandika juu yake "ya siri". Hii ndiyo ya kwanza Ngumbao kuifungua kwa mkono wake. Alikuwa ameshaisoma nusu. Nusu ya pili herufi zilikuwa zimebanana kama abiria wa feri, maana Winnie aliiona karatasi yaisha na maneno bado anayo.

— Gumbaru imekuletea jeuri, mlamu, alisema Dzoro. Dzoro ni ndugu wa marehemu mke wa Ngumbao, kwa hiyo kumchokoza ana ruhusa. — Haya, humo ndani mna nini?

— Biskuti za Mbeyu.

Hapo wote waliitazama katoni kwa heshima, maana Mbeyu wamjua. Ni mtoto wa Winnie, ana miaka saba, yuakaa na babu yake. Mwaka uliopita mwenzake wa shule alimpa kashata, moja tu. Muda si muda midomo imefura, macho yamezibwa, pumzi yapiga filimbi. Ngumbao alimpakia kwenye mkokoteni, juu ya magunia ya viazi vya watu, akakimbia naye hospitali huku akipiga kelele watu wampishe. Alipona. Lakini waliambiwa: njugu asiguse kabisa, na mayai na maziwa pia hapatani nayo. Tangu hapo kila sikukuu mtoto hukaa mlangoni na embe lake, akiwatazama wenziwe wakila biskuti. "Babu, lini na mimi?" Na asubuhi ya siku hiyo Ngumbao alimjibu, "Leo, ukitoka shule."

Sasa mwaelewa kwa nini katoni alikuwa hajaifungua. Kusoma jina la duka ni kitu kimoja. Kusoma kitu halafu umtie mtoto kinywani ni kitu kingine.

— Karatasi yako soma, alisema Nicanor, — lakini hii katoni ni Kiingereza, na huyo mwalimu wako hajakufikisha huko. Ipe hapa.

Akaipokea, akaigeuza, akasoma kwa sauti ya stesheni:

— Hakuna njugu. Hakuna maziwa. Hakuna mayai. Hakuna ngano. Basi.

— Na haya maandishi madogo huku nyuma? aliuliza Ngumbao.

— Madogo hayana maana, yakhe. Yangekuwa na maana wangeyaandika makubwa.

Chonga alimeza kahawa polepole.

— Hakuna, hakuna, hakuna. Sasa kuna nini?

— Ndiyo swali, alisema Dzoro.

— Mimi nawaambia kama mtu wa madawa, alisema Chonga. — Hiyo ni dawa. Wazungu wakiona mtoto hataki kumeza kidonge, wanakikanda kinakuwa kipana, wanakiita biskuti.

— Wewe ulikuwa mtu wa mlango, si wa madawa.

— Mlangoni ndiko zinakopitia!

— Si dawa, alisema Nicanor. — Ni chakula cha manowari. Zile meli za Wamarekani zikitia nanga hapa, mimi nilipewa biskuti na baharia mmoja. Ilikuwa hivi hivi, haina kitu. Wanakaa baharini miezi sita, ukiwapa biskuti yenye yai inaangua.

— Inaangua!

— Joto la injini, bwana. Wacheka nini?

Dzoro alitikisa kichwa kama anayewahurumia.

— Nyote mmepotea. Sikizeni. Hii ilikuwa biskuti kamili, kama za dukani. Wakaipitisha kwenye mashine, ikatolewa utamu. Utamu wanauuza kando kwa matajiri, kwenye vichupa. Hili ni ganda lake.

— Redio, wewe nani alikwambia?

— Fikira tu. Na tena, hii njugu yenyewe, tangu lini ikamdhuru mtu wa pwani? Sisi tumekuzwa kwa njugu. Huyu mtoto kuna mahali alimkosea mtu wa njugu.

— Miaka saba amkosee mtu wa njugu wapi?

— Pengine si yeye. Pengine babu yake. Mlamu, wewe gunia la njugu hujapata kuliangusha pale Marikiti?

Ngumbao alikuwa ameangusha mengi. Alijikuta yuayahesabu, mpaka akajikasirikia.

— Hebu niacheni nisome.

— Soma kwa sauti.

Akaweka kidole kwenye karatasi. Alisoma kama anavyosukuma mkokoteni mlimani, asimame, apumue, asukume tena.

— "Baba, shikamoo. Biskuti hizi ni za Mbeyu. Zimetoka kiwanda... ambacho... hakiingizi njugu hata moja. Mimi nimezionja. Si tamu sana. Lakini ni biskuti."

— Vizuri, alisema Chonga, na alikuwa amemaanisha.

— Vizuri gani? alisema Nicanor. — Mimi ningekuwa nimeshamaliza barua na kuandika jibu. Na swali liko pale pale. Yeye asema amezionja. Wewe umezionja?

— Sijaonja.

— Basi miezi minane ya gumbaru, wataka kumlisha mtoto kwa kidole cha kusomea tu?

Neno hilo lilimwingia. Dzoro akaliona, akamrukia:

— Mlamu, kwetu zawadi ya safari haianzwi na mtoto. Wakubwa huonja, wakisalimika ndipo mtoto ale. Mimi ni babu yake pia, upande wa bibi yake. Fungua.

Ni kweli, ndivyo ilivyo kwao. Ngumbao akaikunja barua, akaifungua katoni. Ndani mlikuwa na mifuko miwili ya karatasi ya kung'aa. Akapasua mmoja. Mikono minne ikaingia kwa zamu, wake wa kwanza, vidole bado vyanata sukari. Biskuti zilikuwa za mviringo, rangi ya udongo wa Tudor baada ya mvua. Wakatafuna, macho juu.

— Mimi naona tumekosea, alisema Dzoro hatimaye. — Tumekula katoni. Biskuti zenyewe ni lile boksi la nje.

— Yakauka mate, alisema Chonga. — Nilisema dawa.

— Manowari, alisema Nicanor. — Nipe nyingine nihakikishe.

— Wewe wahakikisha ya ngapi?

— Ya tatu. Ushahidi wa moja hautoshi.

Akatia mkono, akatoa biskuti, akaisukuma kwa kahawa, akamega kashata kuondoa ladha, akatia mkono tena. Dzoro naye vivyo hivyo. Ngumbao alikuwa ameifungua tena barua. Ubishi wao ulikuwa umefika kwenye swali la kama ng'ombe wa Uingereza wanagoma kukamuliwa, lakini yeye hakuwasikia. Alikuwa ameingia kwenye zile herufi zilizobanana, neno moja moja, midomo yacheza.

Ndipo Mbeyu akatokea, sare ya shule, mkoba mgongoni, mbio.

— Shikamoo babu! Shikamooni! Ndizo hizi?

— Ndizo zenyewe, mama, alisema Dzoro, furaha imemjaa, maana mtoto yule yuampenda kweli. — Ndoo, sogea kwa babu yako. Sisi tumeonja, tu wazima. Kamata.

Akampa. Mbeyu akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwanza mbele, kisha nyuma, kisha akafungua kinywa.

— Usile!

Watu wa Ndia Kuu waligeuka. Ngumbao alikuwa amesimama, kikombe kimemwagika, kidole bado kiko pale pale kwenye karatasi. Akaipiga ile biskuti ikaanguka chini. Mbeyu akaduwaa, kisha midomo ikaanza kukunjika.

— Umepatwa na nini, Ngumbao? aliuliza Chonga.

— Sikizeni. "Baba... mtu aliyeshika njugu... asitie mkono ndani. Hata vumbi la njugu... kwenye kidole... linatosha."

Hapo ndipo walipoitazama sahani. Haikuwa na kashata hata moja. Zilikuwa zimebaki punje chache na vumbi, na kila mmoja akavitazama vidole vyake kama si vyake.

Nicanor aliinyosha shingo juu ya barua.

— Soma tena hapo.

Ngumbao akasoma tena, na safari hii hakusimama hata mara moja.

— Mimi ningeliruka hilo, alisema Nicanor polepole. — Liko pembeni kabisa. Ningesema "wasalaam" nikanywa kahawa yangu.

Dzoro aliificha mikono yake nyuma.

Mwanatumu, jirani wa mlango wa pili, alikuwa ameshatoka kwa zile kelele. Hakuuliza mengi. Aliona sahani, akaona mfuko, akaona mtoto yualia.

— Wazee wazima! Mwaonja biskuti za mtoto na mikono ya kashata? Mbeyu, ndoo mwanangu, tukakuoshe kwanza. Na nyinyi, sabuni iko kwenye kopo, maji yako pipani. Mpaka viwiko!

Wakanawa, wote wanne kwa mstari, Karani nyuma ya hamali. Ngumbao alijisugua mpaka chini ya kucha. Mfuko uliopasuliwa aliuweka upande wa Dzoro, autende apendavyo. Mfuko wa pili ulikuwa haujaguswa. Akaufuta juu kwa kitambaa cha Mwanatumu, akaupasua, akavunja kipande kidogo kama ukucha.

— "Mwanzo mpe kidogo," alisoma. — "Ungoje nusu saa."

Mbeyu akakimeza hata hakukitafuna. Na hapo, jamaa, ndipo nilipoijua nusu saa. Nicanor alivua saa yake akaiweka ubaoni. Dzoro, huyo Redio, hakusema neno. Chonga alimwangalia mtoto midomo. Ngumbao alimshika mkono, na kila alipovuta pumzi yeye alivuta naye, kama anayemsaidia. Dakika ya kumi Mbeyu alijikuna sikio na watu wazima wanne waliinuka.

— Ni mbu, alisema Mbeyu.

Wakakaa.

Saa ilipofika, Nicanor aliitazama mara mbili, akaigonga, akaitazama tena.

— Imetimu. Mpe.

Ngumbao akampa biskuti nzima. Mbeyu aliila polepole, akianzia ukingoni, akizunguka kama anayekata nguo. Makombo aliyadaka kwa kiganja, akayalamba. Wale wazee walimtazama, na ile ladha ya katoni ilikuwa bado i vinywani mwao. Dzoro alikuwa tayari kumwambia pole.

Mtoto akameza, akafunga macho, akafungua.

— Babu, alisema, — kumbe biskuti huwa tamu hivi?

Dzoro akamtazama Chonga. Chonga akamtazama Nicanor. Nicanor akamtazama Ngumbao, kwamba wewe ndiwe msomaji, jibu. Ngumbao aliigeuza barua upande wa pili, kama kwamba Winnie ameandika na hilo. Hakukuwa na kitu. Akampa Mbeyu biskuti ya pili.

Basi mimi nainuka, mnipishe mlioziba njia. Nakwenda kumwona mtu mmoja Bondeni, na daftari ninalo. Nikirudi hapa nitawauliza nyinyi mngemjibu nini, na asiniambie mtu kwamba alikuwa hakusikiza.