Restituta Valentino Mlimuka na Jumapili za Mchombe

Mama Restituta Valentino Mlimuka, kitinda mimba wa Mzee Valentino na Mama Serafina, alizaliwa Mahenge tarehe 14 Machi 1957, dada yake Tekla akiwa na miaka mitano. Mama yao alipokwenda shamba, Tekla ndiye aliyembeba mgongoni. Kati ya watoto saba wa nyumba ile, ni hao wawili tu walioufikia uzee.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Mahenge, kisha akafunzwa uuguzi na ukunga. Kuanzia mwaka 1977 hadi alipostaafu mwaka 2017 alihudumu katika zahanati za bonde la Kilombero, na akina mama wengi wa Mngeta na Mchombe walijifungulia mikononi mwake.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Wendelin, seremala. Hawakujaliwa mtoto. Mzee Wendelin alitangulia mwaka 2018, na nyumba yao ya Mlabani, hapa Ifakara, ikabaki na mtu mmoja.

Tekla alikuwa amepata kiharusi, hatoki tena nyumbani kwake Mchombe. Restituta naye alikuwa na nyonga iliyowahi kuvunjika. Basi Juni 2021, akiwa na miaka sitini na minne, alijifunza udereva, akachukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua gari dogo la haibridi, la petroli na umeme, lililotumika, lenye dhamana ya mwaka mmoja. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kula na dada yake. Gari hilo likienda kwa umeme halikuwa na mlio, na kuku wa Mchombe hawakulisikia likija. Aliteremka akawaswaga pembeni, huku akiwaomba radhi.

Septemba 2022, miezi mitatu baada ya dhamana kwisha, taa nyekundu iliwaka na gari likagoma. Fundi Anselim alilipima, akamwambia taratibu, "Mama, injini ni nzima. Betri kubwa ndiyo imekufa. Mpya ni milioni sita." Muuzaji wa Dar es Salaam alijibu kwamba tarehe ya mwisho iko kwenye karatasi. Restituta alitoa milioni mbili na nusu, akiba yake yote, akafungiwa betri iliyotumika. Ilimfikisha Mchombe Jumapili kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa tarehe 15 Januari 2023, kisha nayo ikafa.

Familia ililijadili suala hilo kwenye kundi la simu. Kila mmoja wetu aliandika kwamba mwezi ujao atachangia. Yeye hakuuliza tena. Alilifunika gari turubai.

Alipanda basi la abiria mara moja tu, nyonga ikamlaza kitandani wiki mbili. Tangu hapo dada hao walikula kwa simu: kila mmoja alipakua chakula chake na kuiweka simu mezani.

"Unakula nini?" Tekla aliuliza.

"Wali na maharage. Dada, mbona sikusikii ukitafuna?"

Mara nyingine salio liliisha katikati, akamalizia sahani peke yake.

Machi 2025 moyo wake ulianza kushindwa. Alitibiwa hapa Ifakara, akarudi nyumbani. Alimwambia jirani yake Sikitu, aliyemletea maziwa kila asubuhi, "Usimwambie dada. Atataka kuja, na hana wa kumleta."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Sikitu. Saa saba mchana simu iliita mezani. Sikitu ndiye aliyeipokea.

Michango ya mazishi haya ilitimia kwa siku mbili, ikapita bei ya betri ile. Familia inalisema hili mbele yenu kwa kuwa yeye hakulisema.

Ameacha dada mmoja, Tekla. Mtoto wa dada, Fidelis, anayewasomea wasifu huu. Na wajukuu watatu kwa upande wa dada. Leo asubuhi Tekla ameletwa kutoka Mchombe kwa gari la kukodi, akaomba kiti chake kisogezwe mpaka kwenye jeneza. Ni karibu miaka miwili na miezi kumi tangu wakae pamoja.

Bwana ampokee mtumishi wake, ampe pumziko lenye amani.