Aliyebaki Nami Garini

Sogeeni wanangu, Hilwa na Khalfan, kaeni hapa kitandani, pumzi inanipungua na nina la kuusia nikiwa na akili zangu. Ni habari ya ndugu yenu Ubeid, ambayo tangu nirudi kutoka Australia kila nikitaka kuisema ulimi unakuwa mzito kama si wangu.

Mnajua aliacha kazi hapa Dubai, bandarini Jebel Ali, akahamia Perth na mkewe, Jecinta. Nilipokwenda kuwatembelea akaniambia, "Mama, twende ndani huko nikuoneshe nchi isiyo na mtu." Nikacheka. Tukaenda, ardhi nyekundu mpaka macho yanachoka, hakuna nyumba, hakuna mbuzi, husikii adhana. Kisha akaiacha barabara kuu akafuata njia ya vumbi, na huko gari likatitia mchangani. Simu hazikushika mtandao. Na jua lile, wanangu! Sisi wa Dubai tunadhani tunalijua jua.

Kulipokucha Ubeid akasema anakwenda kutafuta msaada. Jecinta akamng'ang'ania shati. "Usiliache gari, Ubeid! Si wenyeji walituambia tusiliache gari?"

"Nikikaa, mama atatufia humu. Mwangalie."

Akaenda. Nikamwona anapungua, anapungua, kisha simwoni. Jecinta akamkimbilia, akasimama katikati ya jua, akageuka kunitazama mimi na miguu yangu hii isiyonibeba. Nikampigia kelele, "Mfuate mumeo!" Akarudi. "Mum, siwezi kukuacha peke yako." Akatundika kanga yangu dirishani, akawa ananinywesha maji kwa kifuniko cha chupa, mimi kwanza, kila mara mimi kwanza, na midomo yake inapasuka inatoka damu.

Wachunga ng'ombe ndio waliotukuta, na ndio waliomtafuta Ubeid. Alikuwa nyuma ya kilima kile kile tulichoshinda tukikitazama. Karibu hivyo! Kama kutoka hapa mpaka msikitini. Amelala ubavu, viatu kavivua kaviweka pembeni. Mwanangu, kwenye mchanga unaounguza vile, kwa nini alivua viatu? Mpaka sasa nikifumba macho naviona. Jecinta hakulia. Alikaa chini akaanza kumvisha, mguu mmoja, halafu wa pili, akamfunga na kamba za viatu.

Nanyi siku ya hitima mkasema kamwacha mumewe afe. Nilikuwapo, nikashindwa hata kunyanyua mkono niwanyamazishe. Sasa nanyanyua. Alichagua kuniokoa mimi, mama yenu, na kwa hilo mmemfungia mlango!

Basi shikeni. Kadhi atawaambieni mke Mkristo hamrithi mumewe Mwislamu, na ni kweli. Lakini theluthi ni yangu kuiusia, na majirani hawa waliosimama mlangoni ni mashahidi: theluthi ya nyumba yangu ya kule kwetu Mwembetanga ni ya Jecinta. Kilichobaki gawaneni kama sheria inavyosema, wala msitukanane. Khalfan, nizikeni hapa hapa, msinipandishe ndege tena.

Mungu awalinde, awape watoto wenye huruma, awafungulie... ngojeni, nipumue.

Hilwa, usilie mama'ngu. Mpigie Jecinta, kesharudi hapa Dubai, yuko kazini kule Freezone ya Jebel Ali, aje. Jina lake usilitaje. Mwite wifi. Sema sasa... sema kwa nguvu... nisikie.