Ildefonsi Kashaija na Njia ya Chemchemi ya Rwenkende

Wakubwa shikamooni. Mimi ni Rwegasira, mdogo wa marehemu, na naweka dau la kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwamba haya nitakayosoma hakuna atakayeyaamini. Mnanijua kwa mdomo. Leo mdomo huo umebeba kweli tupu.

Marehemu Ildefonsi Kashaija alizaliwa Nyakakika tarehe 3 Machi 1938, mtoto wa kwanza wa mzee Evaristi na mama Kokuberwa. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Mimi niliishia la pili, ila kwa maneno nilimshinda tangu tunachunga mbuzi. Yeye ukimtania asubuhi, anacheka jioni.

Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na Placida, wakajaliwa watoto watano.

Kazi yake ilikuwa uashi. Mwaka 1976 mpaka 1978 alijenga nyumba nne za zege kwenye shamba kubwa la kahawa la Rwenkende, kule Nyabiyonza, mpakani na kijiji chetu. Paa bapa kama meza, vioo toka sakafuni mpaka juu. Mama yetu alikwenda kuziona.

"Ilde, mwanangu, bati zimewaishia?"

"Hilo ndilo paa, mama."

"Na mvua mmeshaielewesha?"

Marehemu alimpandisha kwa ngazi mpaka juu, akamletea kigoda na chai. Tangu siku hiyo mama aliwaringia wenzake kwamba yeye amekunywa chai juu ya nyumba.

Vita ilipoingia Oktoba 1978 wenye shamba waliondoka, hawakurudi tena. Kahawa ikamezwa na magugu, magugu yakamezwa na miti, ngedere wakahamia. Mwaka 1986 shamba likafanywa hifadhi, na marehemu akawa mlinzi, akakaa kwenye nyumba mojawapo aliyoijenga mwenyewe. Lakini chemchemi yetu ilikuwa humo ndani, na amri ilisema mtu asiingie. Kina mama wakawa wanafuata maji bonde la pili, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi.

Mwaka 1988 tukamwona anapanda mulamula, mti wetu wa mpaka, mistari miwili toka barabarani mpaka kwenye chemchemi. Huku kwetu anayepanda mulamula amejipimia ardhi. Mwezi wa tano, kwenye mkutano wa kijiji, nikasimama. Nikasema, "Kaka kapata nyumba isiyo na kofia, sasa anataka na shamba lisilo na jasho. Huyu ni mwizi wa ardhi." Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akainama.

Marehemu akasema, "Hiyo ni njia."

Nikamjibu, "Njia ya kwenda wapi, tumboni kwako?"

Toka hapo aliitwa Bwana Shamba, na kanisani benchi lake walikaa yeye na Placida peke yao.

Mwaka 1990 wapimaji walikuja kuweka mipaka ya hifadhi. Wazee wakawaambia mulamula haung'olewi. Basi hifadhi ikaishia kwenye ile mistari, upande huu na upande ule, na katikati njia na chemchemi vikabaki vya kijiji. Mimi nikatangaza kwamba ni maneno yangu yaliyomfanya mwizi aachie. Mkaniamini, mkaninywesha.

Marehemu alianza kuugua figo Novemba 1995. Alifariki hospitalini Jumapili, tarehe 14 Julai 1996. Jana Placida alinipa barua ambayo marehemu aliiandikia wilaya Februari 1988, miezi mitatu kabla ya mkutano ule. Inaomba kina mama wa kijiji waachiwe njia ya maji. Placida akasema, "Soma, shemeji, wewe unayeweza kusema mbele za watu." Ninayo hapa, anayetaka aje aione.

Ameacha mjane, Placida, watoto watano, Jovitha akiwa mkubwa wao, wajukuu tisa, dada yetu Adelgunda, na mimi. Mungu amlaze pema, na udongo wa kibanja chetu cha migomba umpokee taratibu.

Nilisema ni mwizi wa ardhi. Hakuiba. Nilikosea.